Nyumba Iliyochipua

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani hapo Kericho mjini, ule wa nyumba za mawe, nikakuta wamejenga fleti. Mawe yaleyale, mabati mekundu yaleyale, hata madirisha ya mbao kama yetu. Watu wanaisifu eti imeingiana na mtaa vizuri sana. Nilikasirika, nikakumbuka alasiri yetu ya mwisho pale, nikiwa mtoto.

Alasiri ile Mama alikuwa ametoka kuchuma chai, mikono bado inanuka majani mabichi. Mwanaume mwenye mkebe wa rangi nyekundu alikuwa anachora X kwa kila mlango. Mimi nilifurahi. Shambani nilikuwa nimeona mashina ya chai yakiwekwa alama, yakikatwa karibu na ardhi, halafu yanachipua mapya. Nikajua sasa ni zamu ya nyumba yetu kupogolewa.

Mama akauegemea mlango kwa mgongo.

"Mama, toka hapo," mwanaume akasema.

"Nitoke niende wapi?"

Nikamvuta leso. "Mama, acha apake! Si itachipua?"

Brashi ikapita begani mwake, ikapaka mlango na leso pamoja. Kesho yake tingatinga ikaja.

Kumbe ilichipua kweli, lakini si yetu.

Juzi hiyo, soja anayelinda fleti akanifokea, "Siste, hapa si pa kusimama na mtoto. Toka!"

Nikamhamisha mwanangu kutoka mgongoni hadi kifuani, nikauegemea ule ukuta wa mawe.

"Nitoke niende wapi?"