Kabla ya Kufunika Mchoro wa Muyinga

Ipo siku moja ya Muyinga ambayo naikumbuka kuliko miaka yangu yote ya shule, mwanangu, na miaka yenyewe haikuwa mingi. Niliacha darasa mapema kwa sababu sikuweza kukaa. Nilikwenda Rumonge, nikavuka hadi Kigoma, nikarudi kwa njia ya Ngara, na kila nilipofika nilimuuliza mtu kazi yake inafanywaje. Kwa kuuliza hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika skripti: unaweka amri zako kwenye faili moja, zikifuatana, kisha kompyuta inazitekeleza yenyewe wewe ukinywa chai.

Gitega, mtaa wa Yoba, nilipata kazi kwa Mama Zaituni. Nyumba yao ilidarizi kofia, kanzu na nguo za harusi tangu enzi za baba yake, kwanza kwa mkono, baadaye kwa mashine inayosoma michoro kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa na karakana ya pili Muyinga, karibu na soko. Huko alishona Odeta, binti wa wakulima wa Butihinda aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi na wazazi wake. Taabu ilikuwa moja. Mchoro ukichorwa Yoba, Muyinga hawana. Ukirekebishwa Muyinga, Yoba wanaendelea kushona ule wa zamani. Nikaandika skripti ya kulinganisha folda mbili. Faili lenye jina lilelile likipatikana pande zote, lenye tarehe mpya linanakiliwa juu ya lenye tarehe ya zamani, na la zamani linapotea.

Tukapanda gari na Mama Zaituni, diski ya Yoba ikiwa mfukoni mwangu. Tulimkuta Odeta anashona majoho ya kwaya ya kanisa lao la Butihinda, ambayo yangevaliwa Jumapili. Nusu yalikuwa tayari yananing'inia ukutani. Mchoro wa kwanza ulitoka Yoba, lakini wanakwaya waliukataa, wakasema masuke ya mtama yaliyochorwa humo yanafanana na mafagio. Odeta akauchora upya, mshono kwa mshono, hadi wakaridhika.

Nikaunganisha diski, nikafungua dirisha la amri, nikaandika jina la skripti. Kilichobaki ni kubonyeza.

"Subiri," Mama Zaituni akasema. "Iyo kitu iko inataka kufanya nini?"

"Itanakili, Mama. Mafaili mapya yatafunika ya zamani."

"Gani? Ya Yoba ao ya Muyinga?"

"Itajua yenyewe."

"Bon. Mi nikikuletea kitambaa, we utakata halafu ndiyo unionyeshe?"

Kwao mkasi haukugusa nguo ya mtu mpaka chaki ipigwe na mwenye nguo aione. Niliona ananichelewesha. Nikamwambia kompyuta si kitambaa.

"Ndiyo maana. Kitambaa kinabakisha vipande. Iyo yako itabakisha nini?"

Odeta akacheka bila kuinua kichwa. "Mpigie chaki, kaka, tusije tukalala hapa."

Mbele ya cp, ile amri ya kunakili, nikaweka echo, ili kompyuta iandike kwenye kioo kile ambacho ingefanya, bila kukifanya. Mistari ikashuka. Nikaisoma kwa sauti, nikijivuna kidogo. Kila mstari ulisema faili litoke Yoba liende Muyinga. Sikuona ajabu yoyote.

Odeta akasimamisha mashine. "Rudia hapo kwenye kwaya."

Nikarudia: mchoro wa kwaya kutoka Yoba unafunika mchoro wa kwaya wa Muyinga.

"Huo wa Yoba si ndio wa mafagio?"

"Lakini tarehe yake ndiyo mpya," nikasema.

"Mpya kwa kompyuta gani? Hii? Hii umeme ukikatika inasahau saa. Inarudi miaka ile nipo kambini. Leo asubuhi imeniambia bado niko darasa la tatu."

Nikatazama tarehe kwenye kona ya kioo. Kweli. Betri ndogo inayotunza saa ilikuwa imekufa, na umeme wa Muyinga ulikuwa wa kuja na kuondoka. Kila alichokichora kilikuwa kimepigwa tarehe ya zamani kuliko chochote cha Yoba. Ningebonyeza, kwaya ingesimama kanisani nusu na masuke, nusu na mafagio. Odeta hakuwa na nakala nyingine.

"We uko na akili, mais uko na mbio," Mama Zaituni alisema, kwa ile "mais" yake ya Kifaransa badala ya lakini, akatoka kwenda kuswali alasiri.

Nikaiandika upya. Safari hii skripti haikuuliza tarehe. Kwa amri ya cmp ililinganisha yaliyomo ndani ya mafaili. Yakiwa sawa, iliyaacha. Yakitofautiana, iliweka nakala zote mbili kando, nami nikamuuliza Odeta moja baada ya jingine. Kuna moja alilikataa la kwake mwenyewe: "Hilo chukua la Mama. Langu nililiharibu." Hakuna skripti ambayo ingelijua hilo.

Jumapili nilikwenda Butihinda. Sikwenda kusali, nilikwenda kuangalia vifua vya watu. Masuke yalikuwa sawa kwenye majoho yote.

Basi, mwanangu, wewe unayeandika skripti leo, nakuambia hivi. Amri ya kunakili ikishapita juu ya kazi ya mtu haiirudishi. Kwa hiyo iambie kwanza iseme itakachofanya. Tarehe usiitegemee mpaka umejua saa ya kila kompyuta. Weka nakala kando kabla ya kufunika chochote. Na ile mistari usiisome peke yako, kwa maana mimi niliisoma yote na sikuona kitu. Msomee mwenye kazi, hata kama hajui amri moja.

Mungu akulinde njiani, aibariki mikono yako, na kazi za watu zinazopita kwako zifike nzima. Amina.