Dawa ya Kikohozi kwa Asiyekohoa

Kinyaa. Neno jingine sina. Ungeona ule ugiligili mwekundu unavyojivuta kwenye kijiko kama kamasi za mtoto, nawe ungeshika tumbo. Dawa ya kikohozi, ile ya dukani, isiyohitaji hata cheti cha daktari. Fundi wetu wa cherehani aliinywa miezi kumi na minne, kila mwezi siku tano, vijiko vitatu kwa siku, na wala hakuwa na kikohozi.

Alikuwa anatafuta mtoto. Mama mkwe wake alisikia kwamba dawa hiyo, kama inavyolegeza makohozi kifuani, hulegeza na ute wa huko chini, mbegu zikapita bila kukwama. Nani alimwambia? Watu. Basi kila asubuhi ya siku hizo anasimama na kijiko chake mpaka mke wa mwanawe ameze. Fundi akisita, anaambiwa, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Kunywa."

Akanywa. Ule utamu wa kuchefua uliganda kooni, ukapanda tena na cheuo akiwa ameinama kumpima mteja kiuno. Hata chai ikawa inanuka dawa. Na mumewe yuko pale mezani, anapuliza kikombe chake, anasema, "Vumilia, mke wangu. Mvumilivu hula mbivu."

Jumatatu moja mume akampa koti lake la kazini amtilie mfuko mpya, wa zamani ulikuwa umetoboka. Fundi akafumua bitana. Chini kabisa, kwenye pindo, akakuta karatasi iliyoteleza kupitia lile tundu. Akaikunjua akidhani ni risiti. Kumbe ni majibu ya maabara, yana jina la mumewe na tarehe ya miaka mitatu nyuma. Mbegu: hakuna. Chini daktari ameandika kwamba mgonjwa arudi haraka aanze matibabu.

Hakulia. Alisikia kichefuchefu tu, na safari hii hakikutoka kwenye chupa. Miezi yote ile mtu anapuliza chai, anamtazama akimeza uchafu, na anajua. Na usiku analala mto mmoja naye! Akakimbilia sinki, akatapika mpaka nyongo.

Kesho yake mama mkwe akajaza kijiko. Fundi akakipokea, akakipeleka moja kwa moja mdomoni mwa mumewe.

"Leo zamu yako."

"Mwanangu hakohoi," mama mkwe akasema.

"Hata mimi sijawahi kukohoa, mama."

Akaitandaza karatasi kando ya kikombe. Mama mkwe akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipomaliza akamgeukia mwanawe.

"Ulijua?"

Mwanawe akawa anaitazama chai.

Mama akakichukua kile kijiko, akakishika yeye mwenyewe. "Mficha uchi hazai," akamwambia. "Fungua mdomo."

Fundi hakukaa kuona kama amemeza. Alikwenda kusukutua, akachukua mswaki wake, akaondoka nao.