Kapteni na Sinema ya Pili ya Jasusi

Shangazi yangu Habibah aliwahi kumkata mwanamume suruali kwa mkasi, ndani ya sinema, mchana kweupe, mbele ya kapteni wa jeshi mwenye bastola.

Kapteni alikuwa anamtazama.

Au hakuwa anamtazama. Hapo ndipo shida ilipokuwa.

Mwaka ni 1975, enzi za serikali ya jeshi kule Uganda. Habibah alikuwa fundi cherehani Busia, upande wa Uganda. Miaka ishirini na minne, mdomo mkali, na mkasi haumtoki mkobani.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Wanjala, Mkenya aliyevuka mpaka kila asubuhi kumletea vifungo, nyuzi na zipu.

Hayakuwa mapenzi, msianze. Kilichowaunganisha ni sinema.

Miaka mitatu nyuma walikuwa wameona filamu ya jasusi katika ukumbi mmoja wa Tororo. Weee! Stelingi, yule shujaa wa picha, anaruka kutoka kwenye treni inayokimbia, anatua darajani, kofia haijaanguka. Watu walitoka pale wakitembea kama yeye. Mwaka mzima Habibah alishona makoti ya mtindo wake mpaka vidole vikafa ganzi.

Sasa ikaja habari kwamba ya pili imefika ukumbi ule ule wa Tororo.

Busia nzima ilipagawa. Jumapili, lori la samaki la wavuvi wa Majanji, kule ziwani, likakodiwa. Likaoshwa kwa sabuni, likaendelea kunuka vilevile. Nani alijali? Habibah alipanda na gauni lake la Idi. Wanjala alivaa suruali ya bugaluu ya kijani aliyoshonewa na Habibah, pana chini kiasi cha kufagia barabara.

Saa nane mchana ukumbi ulikuwa umefurika. Owor, opareta wa mashine, mtu wa makamo asiye na haraka na dunia, akazima taa.

Picha ikaanza.

Dakika tano tu, mtu akauliza, "Stelingi yuko wapi?"

"Si huyo hapo?"

"Nani? Huyo mwenye kitambi?"

Wamembadilisha! Wametuletea baba mmoja mnene, anahema akipanda ngazi, eti ndiye yule yule aliyeruka kutoka kwenye treni.

Haya, watu wakameza. Wakangoja mapigano.

Hakuna mapigano. Jasusi anakula hotelini. Jasusi anapiga simu. Jasusi anakula tena. Adui aliyekufa kwenye filamu ya kwanza, tena aliyezikwa tukiona, ametokea anakunywa chai, na hakuna anayeshangaa!

Kisha akaja mamba.

Ndugu zangu, wale wavuvi wa Majanji waliokuja na lori lao wanamjua mamba. Huyu alikuwa wa mpira. Alielea kando, tumbo juu, na jasusi akawa anapigana naye huku anamshikilia asizame.

"Huyo mamba hata dagaa wa mukene hawezi kutafuna!" mvuvi mmoja alipaza sauti.

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Habibah alikuwa anafuta machozi. Maganda ya karanga yakaanza kuruka kuelekea kwenye kitambaa cheupe cha picha.

Jasusi akatoka majini, akavaa miwani nyeusi, akaanza kunyata sokoni eti asijulikane.

Wanjala akasimama juu ya benchi.

"Jasusi gani huyu!" alifoka. "Kila mwenye miwani nyeusi si tunamjua ni jasusi?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Wote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa betri.

Maana nchi nzima ilijua ni watu gani waliovaa miwani nyeusi: makachero wa serikali. Walikuja na gari, wakakutia kwenye buti, na hukurudi.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu. Kapteni. Mmoja wa wale wa kambi ya jeshi ya pale Tororo, alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Kiunoni bastola. Na usoni, humo humo gizani, miwani nyeusi.

"Washa taa."

Owor akawasha.

"Nani nasema hii maneno?"

Watu wakainama wakatazama viatu vyao.

"Hakuna? Sawa. Mimi nachukua watu kumi." Akamshika bega mama mmoja aliyekuwa karibu naye. "Wewe, moja."

Wanjala, aliyekuwa amejiketisha kabla taa hazijawaka, akainuka. Habibah alimvuta shati. Akaponyoka.

"Ni mimi, afande. Mwache huyo mama."

"Wewe mtu ya wapi?"

"Busia, afande. Ng'ambo. Ninauza vifungo."

"Mkenya!" Kapteni akatabasamu. "Kumbe jasusi ni wewe. Nakuja kucheka serikali yetu."

Habibah hakujua miguu yake imesimama saa ngapi. Alisikia tu sauti yake mwenyewe.

"Afande, hapana. Hakuna mtu amecheka serikali. Tunacheka sinema. Sinema ni mbaya sana."

"Mbaya?"

"Mbaya kabisa, afande. Ukiona mwenyewe utacheka."

Kapteni akafikiri. Inaonekana hakuwahi kuombwa maoni juu ya jambo lolote.

"Anza mwanzo," akamwambia Owor. "Mimi naona. Kama ni mbaya, huyu naenda nyumbani. Kama ni mzuri, huyu nasema uongo, naenda na mimi. Hapana mtu natoka!"

Akaweka askari mmoja aliyekuja naye nje ya mlango mkubwa. Akaketi kwenye kiti cha mbele, cha mikono. Wanjala akakalishwa sakafuni, na buti la kapteni likakanyaga upindo wa ile bugaluu, likaukandamiza.

Picha ikaanza upya.

Sasa fikiria. Watu mia mbili waliokuwa wakilaani ule uchafu, wanauona mara ya pili, na roho ya mtu inategemea uendelee kuwa uchafu. Habibah aliketi nyuma ya kapteni akiomba kimoyomoyo: ewe kitambi, usije ukatengenea leo.

Kapteni akacheka.

Jasusi alikuwa anakula tu, na kapteni akacheka! "Huyu nakula kama bosi yangu," akasema. Habibah akashika kichwa. Anaipenda. Mungu wangu, mwanamume huyu anaipenda.

Ikaja simu. Ikaja simu nyingine. Adui akanywa chai yake.

Kapteni hakucheka tena. Alikaa wima, miwani usoni, sigara mkononi.

Habibah akaitazama ile sigara. Majivu yalikuwa yanarefuka. Yakarefuka mpaka yakapinda, yakadondoka kwenye goti lake.

Hakuyapangusa.

Amelala? Na ile miwani, nani atajua? Akiinuka mtu naye yuko macho, ni risasi.

Habibah akainama, akaweka sikio karibu na bega la kapteni. Akasikia pumzi inaingia taratibu, inatoka na kifilimbi.

Filamu ya ujasusi, mabunduki, mamba, na imemlaza mtu kama mtoto aliyenyonya.

Akageuka, akaonyesha kwa kidole ule mlango mdogo wa kuendea choo cha nje. Watu wakaelewa. Benchi la nyuma likatoka kwanza, viatu mikononi. Kisha la pili. Wamama walifunga vitambaa mdomoni wasikohoe. Ukumbi ukawa unamwagika nje kimya kimya, na askari wa mlango mkubwa amesimama akilinda watu wasiokuwepo.

Akabaki Wanjala.

Alivuta mguu. Buti halikusogea. Alijaribu kuivua suruali, mshipi ukagoma.

Habibah akapiga magoti. Akatoa mkasi.

Krrr. Alikata polepole, juu kidogo ya kisigino. Kitambaa kizuri cha terelini, alikipindia upindo mara mbili kwa mkono wake. Krrr.

Ghafla picha ikazimika. Mkanda umekwisha, na Owor ilibidi abadilishe. Giza na kimya.

Kapteni akashtuka. "Eeh?"

Habibah, bado kapiga magoti, mkasi mkononi, akapiga makofi. "Ua yeye!" akapiga kelele. "Ua huyo mamba!"

"Mzuri," kapteni akanong'ona. "Mzuri sana."

Kichwa kikashuka kifuani. Mashine ikanguruma tena.

Krrr. Ikakatika.

Nje jua lilikuwa kali mpaka waliona nyota. Lori halikuwashwa, lisije likamwamsha kapteni. Walilisukuma wote, wanaume kwa wanawake, gauni la Idi na yote, mpaka mteremkoni, ndipo dereva akaliwasha. Wanjala alivuka mpaka jioni hiyo na mguu mmoja wa suruali mfupi. Hakukanyaga tena Uganda mpaka serikali ile ilipoanguka.

Lakini ndani ya lori hakuna aliyeimba. Owor alikuwa amebaki. Mashine isingejiendesha, na ingenyamaza tu, kapteni angeamka.

Siku ya tatu Owor akaja Busia, akaketi mbele ya cherehani ya Habibah. Mzima. Meno yote yapo.

"Aliamka picha ilipokwisha," akasema. "Akatazama mabenchi. 'Watu wapi?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Si uliwaruhusu, afande? Ulisema sinema nzuri sana, wote waende nyumbani.' Angesemaje kwamba kapteni mzima alilala kazini? Akasema, 'Ndiyo. Nakumbuka.'"

"Na Wanjala?"

"Akaniuliza, 'Na ule Mkenya?' Nikasema, 'Ulimpiga teke, afande, akakimbia.' Akainua buti, akaona kitambaa cha kijani. 'Hii nini?' Nikasema, 'Ndilo teke lenyewe, afande. Lilichana suruali.'"

"Akaamini?"

"Aliokota kile kitambaa. Akakiweka mfukoni. Akafurahi."

Habibah alicheka mpaka akalala juu ya cherehani.

Angejua, angebana kicheko hicho.

Maana kapteni alirudi kambini akaisifia ile sinema. Hakuona hata nusu, ila aliisifia yote, pamoja na vita vya helikopta alivyoota mwenyewe. Wakubwa wake wakaisifia kwa sababu yeye kaisifia. Wiki iliyofuata ikatoka amri: wafanyabiashara wote wa Tororo na Busia, walimu, makarani, kila mmoja akaione sinema hiyo nzuri. Majina yataandikwa mlangoni.

Habibah aliiona mara nne. Alipiga makofi mamba alipoelea. Alipiga makofi jasusi alipokula. Na watu walipotoka waliulizana, kwa sauti ya kusikika, kama wameipenda ile sehemu ya helikopta.

"Sana," kila mtu alijibu. "Helikopta ndiyo iliniua."

Basi na nyinyi, mkisikia mkubwa anasifia kitu mpaka mate yanamtoka, msibishane naye. Mtafuteni aliyekaa nyuma yake, mumuulize kwa sauti ya chini: alikuwa macho?