Nyimbo Alizofuta Anicet

Anicet Niyongabo alikuwa fundi hodari wa simu, na uhodari huo ndio uliomponza. Kwenye kibanda chake ughaibuni, pale barabara ya Umbilo Road, simu ikilalamika kwamba memori imejaa, alifuta nyimbo, na mteja akaondoka anacheka. Aliyezoea kusifiwa haulizi, naye hakuuliza.

Mwaka 2011 kompyuta kuukuu ya nyumbani ikaanza kujikokota. Ndani yake mkewe Inès alikuwa ameweka nyimbo arobaini za kwaya, akiimba peke yake ili wenzake wajifunze sauti. Anicet akafungua ripoti ya memori, akakuta mstari wa kijani umegota juu. Akafanya alichokizoea: akafuta nyimbo zote, na nakala nyingine hazikuwepo. Kompyuta haikupona. Baadaye nafasi ya nyimbo akaijaza filamu. Inès alinuna siku mbili, kisha akasema ataziimba upya, pumzi anazo.

Pumzi, maskini, ndizo zilizomwishia. Mwaka uliofuata mapafu yalimwondoa.

Mwaka mmoja baada ya maziko, walipojiandaa kumaliza matanga kwa desturi ya kwao, mama yake Inès alipiga simu kutoka Bujumbura. Aliomba kitu kimoja tu: siku hiyo aisikie sauti ya mwanawe. Anicet hakuthubutu kumwambia ukweli. Akaibeba kompyuta hadi Westville kwa Honoré, mwanakwaya mwenzao aliyesomea kompyuta chuoni.

Honoré alitafuta mchana kutwa. Filamu zilikuwa zimekalia kila mahali nyimbo zilipokuwa, hakukuwa na cha kuokoa. Ndipo akauliza kwa nini zilifutwa, na alipojibiwa akaufungua ule mstari wa kijani. Akaeleza kwamba memori ile ni kama meza ya kazi, na nyimbo zilikuwa kabatini. Meza ikijaa, unaondoa vilivyo mezani.

“Ile ripoti haikukuwa inasema juu ya nyimbo, grand,” alisema taratibu, kama anavyosemeshwa kaka mkubwa. “Ungefunga tu programu, ama uzime, uwashe.”

“Kwa hiyo nilimfuta bure,” Anicet akasema.

Honoré akaizima kompyuta.

Siku ya kumaliza matanga kwaya ilisimama mbele ya simu ya Anicet, mama mkwe akisikiliza kutoka Bujumbura, ikaimba wimbo aliokuwa akiuongoza Inès. Walipofika penye sauti yake, wakanyamaza wote mpaka zamu yake ipite.

Mama mkwe alisubiri.

“Anicet, mwanangu,” akauliza, “simu imekatika?”