Kimanga cha Marehemu Mama Mkwe

Jumamosi nilikuwa nachagua mihogo sokoni Voi nikasikia msichana aliyeolewa juzi akimlalamikia muuzaji kwamba kimanga chake hutoka na mabonge.

Mama muuzaji akaweka kisu chini, akakunja ngumi, akaanza kuponda hewa. "Muhogo na maharagwe vikiiva, usimwage maji yote. Bakisha kikombe. Halafu ponda, mvuke ukiwa bado unakupiga usoni, maji ukiongeza kidogo kidogo."

Nikaacha kuchagua mihogo. Maneno hayo, pamoja na huo mvuke wa usoni, niliyaandika mimi kwenye safu hii ya mapishi, baada ya kupondaponda wiki nzima jikoni kwangu Kaloleni.

"Mama, hiyo umeitoa wapi?" nikauliza.

"Hii? Ni ya marehemu mama mkwe wangu. Alikuja nayo kutoka milimani." Akatazama mihogo niliyochagua, akatikisa kichwa. "Na wewe naona hujui kupika. Andika kwa simu usije ukasahau."

Kakangu huniuliza kila Krismasi nitaacha lini kuandikia magazeti mambo ya sufuria, nitafute kazi. Yeye hajawahi kuona sentensi yake ikipewa mama mkwe, tena marehemu.

Nikatoa simu, nikaandika sentensi zangu mwenyewe neno kwa neno, kama mwanafunzi. Mama akachungulia, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Hapo sawa kabisa," akasema.

Mhariri wangu hajawahi kuniambia hivyo.