Mnara wa Saa wa Arusha, Ufukweni Matema

Siku ile ya Boksing Dei tulikuwa watano: mimi, wadogo zangu wawili wa kiume, mdogo wetu wa mwisho wa kike, na mpigapicha. Kila baada ya Krismasi tunatoka kwetu Ipyana kwenda Matema, ufukweni mwa ziwa huku kusini, kupiga picha ya pamoja. Mama ndiye aliyeanzisha. Yeye na baba walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikawashika wadogo zangu, na picha nayo nikaiendeleza.

Mpigapicha alisimika mianzi miwili mchangani, akatundika pazia refu, lililotandazwa hadi chini ya miguu yetu, lenye picha ya mnara wa saa wa Arusha, ule wa zamani wa katikati ya jiji. Akatuambia tuvae viatu. Aliponitumia picha kwenye simu alikuwa amekata mianzi na mchanga wote wa pembeni. Niliipenda, nikaituma kwenye kundi la ukoo.

Kesho yake asubuhi shangazi akapiga. Ni dada yake baba, ameolewa Arusha, na alikuwa ameahidi kumchukua mdogo wetu wa mwisho Januari asomee sekondari kwake. Hakunisalimu.

“Mmefika Arusha mkanipita mlangoni?”

“Shangazi, hatujatoka Matema. Lile ni pazia.”

“Pazia. Na viatu navyo pazia? Basi mtoto akasomee hukohuko mlikofikia.”

Akakata. Mdogo wangu huyo alikuwa akipepeta mchele pembeni yangu. Aliendelea kupepeta, ila hakuniangalia.

Sikupiga tena. Nilirudi Matema, nikamwomba mpigapicha ile picha kabla hajaikata. Ilionyesha mianzi, mchanga, ziwa, na mama mmoja wa Kikisi, wale wafinyanzi wa ufukwe wetu, akipita nyuma ya pazia na vyungu kichwani. Nikamtumia shangazi peke yake.

Alipiga akicheka. “Huyo wa vyungu ndiye amewaokoa. Haya, mpakie mtoto kwenye basi, nitampokea. Lakini wewe umeniaibisha. Nimeshawatangazia majirani kwamba watoto wa kaka yangu wamenikwepa. Utakuja mwenyewe, tusimame chini ya saa mimi na wewe, wakuone.”

“Ndaga, shangazi. Asante. Nitakuja.”

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha tatu. Kila likizo anashuka kwenye basi na salamu zilezile: shangazi anauliza unakuja lini. Namjibu tukishavuna. Tumevuna mara mbili tangu siku ile, na deni la safari niliyomwahidi shangazi bado sijalilipa.