Nafasi ya Kushoto

Dada yangu na mimi tulianza karate pamoja, katika ghala la korosho pale Lindi mjini, ambalo nje ya msimu hubaki tupu. Mwalimu wetu, fundi wa friji, alimtaka kila mwanafunzi ajiwekee lengo lake mwenyewe. Wengi walitaja mkanda. Dada akasema sisi wawili tutacheza kata, ule mpangilio wa mapigo na migeuko, bega kwa bega, macho yamefungwa, bila kugongana.

"Nani atamwongoza mwenzake?" mwalimu aliuliza.

"Atanisikia," dada alijibu.

Kumsikia ilikuwa rahisi. Utotoni alianguka kutoka kwenye mkorosho, na tangu hapo mguu wake wa kulia uliburuzika kidogo kila alipogeuka. Alisimama kushoto kwangu siku zote.

Masika ikamchukua kwa homa ya mapafu. Tulimzika kwetu Kilangala. Arobaini ilipopita nikarudi ghalani.

"Lengo lako sasa ni lipi?" mwalimu aliniuliza kwa upole.

"Lile lile. Nitacheza peke yangu."

Jumamosi asubuhi nilimwomba ufunguo nikaenda kabla ya wenzangu. Nilichora alama ya chaki sakafuni, maana kata ile huishia pale ilipoanzia, nikajifunga ushungi machoni. Nilipogeuka mara ya kwanza nikasikia nyayo zangu. Nilipogeuka tena nikasikia mguu unaburuzwa.

Nikasimama. Nao ukasimama, ila ulichelewa kidogo.

Nilivua ushungi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, jua limeingia kupitia matundu ya bati, na harufu ya maganda ya korosho imejaa kama kawaida. Hapakuwa na mtu. Nikajifunga tena, nikacheza mpaka mwisho. Kila nilipogeuka, alikuwapo. Nilipofumbua macho, chaki ilikuwa hatua nzima kushoto kwangu.

Ikawa hivyo Jumamosi zote zilizofuata. Sikumwambia mtu, hata mama. Niliogopa, lakini niliogopa zaidi kwenda nisimkute.

Siku ya majaribio nilicheza mbele ya darasa zima.

"Umesogea kulia," mwalimu alisema. "Mapigo yako ni mazuri, lakini unacheza kama mtu aliyebanwa."

Mama mmoja muuza vitenge, aliyejiunga baada ya msiba na hakuwahi kumwona dada, alinifuata nje.

"Samahani, mdogo wangu. Una tatizo la mguu?"

"Hapana."

"Basi ni masikio yangu," alisema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Usiku ule nililala kitanda kimoja na mama, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Anakugusa?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayempisha."

"Basi acha kumpisha, mwanangu. Unamchosha."

Jumamosi iliyofuata nilijiwekea lengo jipya: kumalizia juu ya chaki. Nilijifunga, nikaanza. Mguu ukaburuzwa kushoto kwangu, karibu kuliko siku zote. Ulipofika mgeuko wa kuelekea kushoto, pale nilipozoea kumpisha, mwili wote ulitaka kukwepa. Nikasema kwa sauti, "Dada, napita," nikaingia kwenye nafasi yake.

Mkono wangu wa kushoto ulipata baridi, kama unapoutia kwenye mtungi wa maji. Baridi ilipanda mpaka begani, ikakaa kwa pumzi moja, ikaondoka. Migeuko iliyobaki niliicheza nikisikia nyayo zangu tu.

Nilipovua ushungi nilikuwa nimesimama juu ya chaki. Nilikaa chini papo hapo nikalia, mpaka wenzangu wakaanza kugonga mlango.

Mkanda nilipewa baadaye, na mama aliupokea kwa mikono miwili. Kata ile bado naicheza, macho wazi. Wenzangu wakipanga mistari, huwa naomba kusimama mwisho kabisa kushoto, karibu na ukuta.